Filamu Kutoka kwa Mtu wa Versalles

Kila Jumanne baada ya chakula cha mchana, Obdulia Quesada alitoka mtaani kwake Pueblo Nuevo, akavuka daraja la mto San Juan, akapanda taratibu mpaka kwenye kibaraza cha Leocadio kinyozi, flashi mfukoni na maneno mdomoni. Flashi ilikuwa ya kurudisha filamu za wiki iliyopita na kuchukua nyingine. Maneno yalikuwa ya zile alizokwisha kuzitazama, maana Obdulia hakuwa mtu wa kutazama filamu akakaa kimya.

Leocadio alikuwa na miaka sitini na sita. Kila Jumatatu jirani yake alimletea diski yenye mambo ya wiki nzima: tamthilia, mechi, vichekesho, na filamu mpya za kila pembe ya dunia. Yeye alichambua zenye muziki tu, nyingine akaziacha. Kabla ya kunyoa vichwa vya watu wa mji wa Matanzas alikuwa ameshika gitaa kwa miaka thelathini, na alipenda kusema kwamba filamu za bastola hazimfai, kwa sababu hajawahi kusikia bastola ikifuata mdundo.

"Haya, lete habari," alimwambia Jumanne moja ya mwezi Machi, huku akikung'uta shuka la kunyolea. "Wale wafua nguo?"

"Wazuri!" Obdulia alijitupa kwenye kiti cha wateja. "Wale kina mama wa Brazili wanaimba kama watu wanaofua kweli. Nimechoka na filamu za mtu anafua huku kucha zimepakwa rangi. Ila yule mwalimu wa kwaya amenikera, kaka. Kila wimbo analia. Sasa mwalimu akilia, nani atawahesabia wenzake?"

"Na ile ya fundi wa kodiani?"

"Nililala."

"Wewe!"

"Nililala, nikaamka, bado anafungua skrubu ileile. Nikasema basi, akimaliza ataniamsha."

Leocadio akacheka mpaka akashika kiuno. "Mtu wa Versalles ameipenda sana hiyo. Amesema ni mara ya kwanza kuona kwenye filamu fundi anayesikiliza kabla ya kugusa."

"Mtu wa Versalles apende anachopenda," alisema Obdulia, akaanza kujipepea kwa gazeti.

Kwa miaka minne mambo yalikuwa yakienda hivyo. Versalles ni mtaa wa upande mwingine wa mji, ng'ambo ya mto Yumurí, na mtu wa huko aliitwa Nieves Arrechea. Jina hilo halikutajwa pale kibarazani. Hapo mwanzo Leocadio aliteleza tu, akasema filamu fulani imesifiwa na mtu. Obdulia akauliza mtu gani. Leocadio akameza mate, akajibu, "Mtu tu, wa Versalles." Obdulia alielewa, akanyanyuka, akafika hatua ya tatu barabarani, kisha akageuka na kusema kwa sauti kwamba huyo mtu hajui filamu. Ijumaa ile Leocadio, aliyekuwa akimpelekea Nieves filamu nyumbani kwa sababu ya goti lake bovu, aliyafikisha maneno hayo kama yalivyo. Jumanne iliyofuata akaja na jibu. Tangu hapo, wanawake wawili ambao sasa walikuwa na miaka saba bila kusalimiana waligombana kila wiki kuhusu filamu, na kinyozi alikuwa posta yao.

"Nina moja mpya, ya Kolombia," Leocadio alisema sasa, akiichomeka flashi kwenye kompyuta yake kuukuu. "Imetoka mwaka huu huu. Mtu wa Versalles amesema nyimbo zake si mchezo. Kasema, mpe yule wa Pueblo Nuevo."

Obdulia aliacha kujipepea. "Amesema hivyo? Nipewe mimi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi ni mbaya," alisema Obdulia, lakini aliichukua.

Aliianza Jumatano mchana, umeme ukakatika saa nane, akaimalizia Alhamisi asubuhi na kikombe chake cha kahawa. Ilikuwa habari ya mabinti wawili, watoto wa ndugu, waliokua kando ya mto Magdalena wakiimba pamoja tangu wadogo. Mkubwa aliimba sauti ya kwanza, ile ya juu inayobeba wimbo, na mdogo aliimba ya pili, chini yake. Nyimbo zilikuwa nzuri kweli, Obdulia hakubisha. Katikati ya filamu mkubwa akavunjika mguu wiki moja kabla ya tamasha, na mdogo akapanda jukwaani peke yake. Aliimba wimbo wao. Watu wakasimama, wakapiga makofi, wakarusha kofia. Mkubwa alisikia yote kwenye redio, kitandani, mguu umefungwa plasta.

Obdulia aliizima televisheni. Akaosha kikombe, ambacho kilikuwa bado na kahawa. Kisha akairudia, akaitazama mpaka mwisho ameuma meno.

Yeye na Nieves walikuwa wameimba pamoja miaka ishirini na minane. Hawakuwa ndugu, ingawa watu walidhani hivyo, kwa jinsi walivyojua kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Obdulia sauti ya kwanza, Nieves ya pili, Leocadio kwenye gitaa. Miaka tisa ya mwisho waliimbia wageni kwenye mkahawa wa hoteli moja kule Varadero, mara nne kwa wiki, magauni ya njano, basi la wafanyakazi kwenda na kurudi. Halafu koo la Obdulia likaota kinundu. Daktari akakitoa, akamwambia wiki sita asitamke hata neno moja, hata kwa kunong'ona. Kwenye wiki ya tatu, jirani aliyefanya kazi jikoni kwenye hoteli ileile akamwambia, kana kwamba ni habari njema, kwamba Nieves anaendelea kuimba, yupo jukwaani peke yake, na gauni lake la njano.

Obdulia hakuweza kupiga kelele wala kuuliza. Alikwenda Versalles kwa miguu, akagonga, na Nieves alipofungua akamkabidhi karatasi. Iliandikwa neno moja: UMENIUZA. Akageuka akarudi. Sauti ilipomrudia ilikuwa nene na yenye mikwaruzo, ya mtu mwingine kabisa, na hakuitumia kuimba tena. Baadaye akasikia kwamba hotelini kuna msichana mpya anayeimba, hakuuliza Nieves amekwenda wapi. Leocadio alipojaribu kulianzisha jambo hilo mara mbili, alimwambia waziwazi kwamba akimtaja yule mwanamke tena, urafiki nao utakuwa umekwisha.

Jumanne akafika kibarazani mapema kuliko kawaida.

"Mwambie huyo mtu wako," alisema hata kabla ya kuketi, "nimeitazama. Nyimbo nzuri, wala sikatai. Na yule binti mdogo angalau alikuwa mkweli. Alitaka kuimba peke yake, akaimba, akapigiwa makofi, yakaisha. Wengine hufanya hayohayo halafu wanakutumia filamu."

Leocadio alimtazama kwenye kioo. "Nimwambie hivyohivyo?"

"Neno kwa neno. Usiongeze sukari."

"Sukari yenyewe iko wapi," alisema Leocadio, akaendelea kunoa wembe.

Wiki ile Obdulia hakupata usingizi mzuri wa mchana. Alipika, alifagia, alipanga foleni ya mkate, alibishana na mama wa ghorofa ya juu kuhusu maji yanayodondoka, na muda wote alikuwa akitunga majibu ya jibu ambalo halijafika. Kama atasema hivi, nami nitasema vile. Alikuwa na majibu matatu tayari, yote makali.

Jumanne ilipofika alimkuta Leocadio na mteja, bwana mmoja mstaafu wa posta, amelala kitini, povu mpaka masikioni.

"Amesemaje?" Obdulia aliuliza.

"Shikamoo kwanza."

"Leocadio, usinichezee. Amesemaje?"

Leocadio aliupitisha wembe shavuni mwa yule bwana, taratibu. "Hakukasirika. Amesema filamu ni nzuri ila ina uongo mmoja mkubwa. Amesema, yule binti kaimba sauti ya pili maisha yake yote, halafu anapanda jukwaani siku moja na sauti ya kwanza inamtoka kama maji ya bomba. Amesema aliyeandika hiyo filamu hajawahi kuimba. Koo halikubali. Ndivyo alivyosema, nami nimemaliza."

Obdulia alifungua mdomo alete mojawapo ya yale majibu matatu. Hakuna lililofaa.

"Yeye amejuaje kwamba koo halikubali?"

Wembe ukasimama. Leocadio aliufuta kwenye kitambaa, mara moja, mara mbili, ingawa ulikuwa safi.

"Leocadio. Wewe ndiye uliyekuwa kwenye gitaa. Kule hotelini, nilipokuwa mgonjwa, Nieves aliimba nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutamkwa pale. Mteja wa posta alifumbua jicho moja.

"Uliniambia nisimtaje," Leocadio alisema.

"Sasa nakuuliza."

"Aliimba sauti ya pili."

"Na ya kwanza aliimba nani?"

"Hakuna. Hakuna mtu, Obdulia. Mimi napiga gitaa, yeye anaimba chini, na juu pako wazi. Wageni wanatazamana. Wimbo wanaujua lakini hawausikii. Unaelewa? Ni kama kumwekea mtu meza, sahani, uma na kisu, bila chakula. Siku ya kwanza nilidhani amechanganyikiwa. Nikamwambia, Nieves, imba wimbo. Akanijibu, naimba sehemu yangu. Na kila jioni alimlazimisha mtangazaji aseme majina mawili. Nieves na Obdulia, makofi tafadhali, na mtu anayeonekana ni mmoja."

"Siku ngapi?"

"Jioni kumi na moja. Meneja akamwambia, mama, ama unaimba ule wimbo ama unakwenda nyumbani. Akaenda nyumbani. Mimi nikabaki mwezi mmoja na yule msichana waliyemleta, nikashindwa, nikanunua mashine ya kunyolea."

Obdulia aliketi kwenye ngazi ya kibaraza. Mbele yao alipita mtu na baiskeli na keki kubwa ameifunga nyuma, akawasalimia, hakujibiwa.

"Miaka saba," alisema Obdulia. "Unanikata nywele, unakunywa kahawa yangu, unanyamaza miaka saba."

"Nilijaribu mara mbili, ukanifukuza. Na yeye alinikataza. Alisema, mwache aulize mwenyewe. Sasa mimi nifanyeje kati ya vichwa viwili vya jiwe? Nikawaletea filamu." Leocadio alishtuka, akamgeukia mteja. "Samahani sana, kaka. Povu limekauka."

"Endeleeni tu," alisema bwana wa posta. "Mimi sina haraka yoyote."

Kesho yake asubuhi Obdulia alivaa viatu vyake vya kutembelea akavuka mito yote miwili. Kwenye daraja la Yumurí alisimama, akajiambia kwamba anapumzisha miguu. Miguu haikuwa imechoka. Alikuwa akitafuta neno la kuanzia, na alipofika kwenye mlango wa buluu wa Nieves alikuwa bado hajalipata.

Nieves alikuwa mlangoni, kwenye kiti cha bembea, sinia la maharage meusi mapajani, goti limefungwa bendeji. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Hilo Leocadio hakulisema kamwe.

Alimtazama Obdulia kutoka viatuni mpaka kichwani. "Leo umekuja na karatasi au na mdomo?"

"Na mdomo."

"Afadhali. Siku hizi miwani yangu haisomi vizuri."

Obdulia alisimama palepale barabarani. "Leocadio ameniambia."

"Leocadio ni mbeya."

"Nilimuuliza."

"Aah." Nieves aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Na ilikuchukua muda, shoga. Miaka saba kuuliza swali moja! Ningekuwa natoza kodi ya kusubiri, ningekuwa na gari."

"Kwa nini hukuja kuniambia wewe?"

"Nije nikuambie nini, na wewe umeshaandika? Tena kwa herufi kubwa, mwandiko safi, umepiga na mstari chini. Mtu mwenye hasira huandika ovyo. Ile karatasi niliiangalia nikasema, huyu amekaa kitako, amefikiria, ndiyo akaandika. Hilo ndilo lililoniuma. Neno lenyewe ningelimeza."

"Niliandika mara tatu," alisema Obdulia. Sauti yake nene ilikwaruza zaidi ya kawaida. "Mbili nilizichana."

"Zilisemaje?"

"Ya pili nimeisahau. Ya kwanza ilikuwa inauliza. Iliandikwa, ni kweli?"

Nieves aliacha kuchambua. Mkono wake ulibaki juu ya sinia, vidole vimeshika vumbi la maharage.

"Hiyo ndiyo ungeileta," alisema.

"Najua. Nisamehe, Nieves."

Kutoka ndani ya nyumba redio ilikuwa ikisoma habari za hali ya hewa, na mtangazaji akamaliza mkoa mmoja na kuanza mwingine.

"Kaa," alisema mwishowe. "Vuta kile kiti, si hicho, hicho kina mguu mbovu. Na usinifanye malaika, maana naona umenijia na uso wa kanisani. Nitakuambia jambo ambalo Leocadio halijui. Jioni ile ya kwanza nilipanda kwa sababu nilitaka kuona kama naweza. Miaka ishirini na minane watu wanasema, Obdulia ana sauti, na mwenzake naye si mbaya. Mwenzake! Nikasema leo wataniona. Nikavuta pumzi niimbe sehemu yako. Ikatoka yangu."

"Ikatoka yako?"

"Ya pili. Nilijaribu kupanda, nikashuka. Koo linajua njia moja tu. Na nilipokuwa naimba vile, pale juu nilikusikia wewe. Wageni walikuwa hawasikii kitu, mimi nakusikia wewe, na pale mahali ambapo siku zote unachelewa, ukachelewa. Nikaona aibu. Jioni ya pili ndiyo nikaamua kwamba nitaimba hivyohivyo kwa makusudi. Kwa hiyo ile karatasi yako, kwa jioni moja, haikuwa imekosea sana."

Obdulia alimtazama. Angeweza kukasirika, na kweli alihisi hasira ikinyanyua kichwa, ikatazama huku na huku, ikalala tena.

"Mimi sichelewi," alisema.

"Unachelewa! Miaka ishirini na minane nakusubiri kwenye kona ileile!"

"Nilikuwa naweka uzito."

"Ulikuwa unachelewa. Muulize Leocadio. Haya, shika huu upande, macho yako ni mazima, vijiwe vidogo vinanipita."

Obdulia alivuta kiti. Walichambua maharage mpaka sinia likaisha. Waliongea habari za goti, za watoto wa Nieves walio mbali, za mume wa Obdulia ambaye alikuwa amefariki na Nieves hakwenda kwenye mazishi, bali alisimama upande wa pili wa barabara mpaka gari likapita. Obdulia hakuwahi kujua hilo. Nieves alipika kahawa, akaomba radhi kwamba kahawa ya mgao siku hizi imechanganywa na dengu zaidi ya kawaida, na wote wawili wakanywa bila kulalamika.

"Na ile filamu," Obdulia aliuliza akiwa anaondoka, "uliniletea kwa makusudi?"

"Ipi?"

"Nieves!"

"Nyimbo zilikuwa nzuri," alisema Nieves. "Wewe unaona mitego kila mahali."

Wiki hiyo posta ya Leocadio ilifungwa. Alisema amefurahi, lakini Ijumaa alionekana akizungukazunguka kibarazani kama mtu aliyeachishwa kazi, mpaka Obdulia akampitia na kumwambia abebe kompyuta, wanakwenda kwa Nieves wote. Wakaamua Jumapili alasiri ndiyo iwe siku yao, kwa kuwa Jumapili umeme huwa na adabu kidogo.

Filamu ya kwanza waliyoitazama pamoja ilikuwa ya Veracruz, mpya, ya mama na binti yake wenye bendi ya kupiga kwenye harusi. Leocadio aliisifu tangu mlangoni. Aliweka viti vitatu, akafunga dirisha moja kuzuia mwanga, akawaomba jambo moja tu, wanyamaze. Hawakunyamaza. Nieves alisema kinubi kinapigwa na mtu asiyekijua, tazameni vidole. Obdulia alisema yule bwana harusi ana uso wa mtu atakayekimbia. Leocadio alisema hajasikia wimbo hata mmoja mpaka mwisho, na kwamba kila mmoja alikuwa na faida zaidi alipokuwa mtaani kwake.

Karibu na mwisho, mama na binti waliimba wawili, bila vyombo. Hapo walinyamaza kweli. Halafu, chini kabisa, kwa ile sauti yake nene yenye mikwaruzo, Obdulia akaanza kufuatisha. Hakuwa ameimba mbele ya mtu tangu siku ya daktari. Leocadio aliganda, hakuthubutu kugeuza shingo.

Nieves ndiye aliyegeuka. "Wewe. Hiyo ni sehemu yangu unayoimba."

"Ndiyo iliyobaki," alisema Obdulia. "Juu kumefungwa."

"Na mimi niimbe nini?"

"Sijui. Tafuta."

Nieves alifikiri. Kisha akainua kidevu, akajaribu kupanda, sauti ikampasuka katikati, akakohoa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Obdulia naye akacheka, goti likagonga kiti, kiti kikagonga meza. Kwenye kompyuta harusi ilikuwa ikiendelea na hakuna aliyeitazama.

"Nirudishe nyuma?" Leocadio aliuliza.

"Rudisha," walisema wote wawili.

Akarudisha. Wakaimba tena, vibaya kama mara ya kwanza, na Obdulia akachelewa.